Mwenye Pikipiki Yuko Yahuma

Tangu nirudi, kila anayepita mbele ya nyumba yangu ananiuliza miguu ilinivimba kwa nini. Nimewajibu kwa vipande, nusu kwa huyu na nusu kwa yule, na sasa nasikia sokoni kwamba Mama Zaina alikwenda Yahuma kuozesha. Sikuozesha mtu. Kaeni, niwaeleze kuanzia mwanzo, kisha tusiulizane tena.

Kabla ya boti

Mnajua kwamba kila Jumamosi nafundisha waendesha pikipiki sheria za barabarani. Nachora njia panda sakafuni kwa chaki, nachukua viatu vya wanafunzi, navisukuma kama magari. Mtaa ulipounda kamati ya usalama barabarani, nikaingizwa kwa sababu hiyo. Huko ndiko tulikokubaliana na wakubwa wa mtaa: pikipiki ikiendeshwa ovyo ikaumiza mtu, inafungiwa kwenye ua wa kamati. Haitoki kwa maneno ya dereva, haitoki kwa kaka yake. Inatoka siku ambayo mwenyewe aliyeinunua atakuja, akae mbele ya aliyeumizwa, asikie. Zikipita siku ishirini na moja bila yeye kuonekana, inapigwa mnada kwa ajili ya matibabu.

Kifungu hicho cha mwenye mali kuja mwenyewe ni changu. Nilikipigania mikutano mitatu. Sababu yangu ilikuwa hii: hapa Kisangani, madereva wengi wanaendesha pikipiki za watu wengine. Ukimwadhibu dereva peke yake, mwenye mali anamtafuta mwingine, na huyo mwingine anakimbia vilevile. Ukifunga chombo, mwenye mali anaamka usingizini.

Basi tukafunga ya Dieudonné. Ni mwanamume mzima wa miaka thelathini, baba wa watoto wawili, alikuwa mwanafunzi wangu. Alibeba abiria wawili, akashindana mbio na mwenzake karibu na soko, akakwepa shimo, akapanda pembeni mwa barabara akamgonga Mama Charlotte anayeuza pondu, yale majani ya muhogo. Mguu ukavunjika.

Siku ya kumi na mbili Dieudonné akaja na mwenye mali, mtu mmoja wa makamo wa kuitwa tonton, yaani mjomba, mwenye koti zito kwenye jua lile. Mwenyekiti wetu, Papa Kasereka, mfanyabiashara wa mabati kutoka Kivu ya Kaskazini, akamkaribisha kiti, akamwuliza juu ya pikipiki, ile tunayoiita moto.

“Tonton, hii moto ni ya wewe?”

“Ya mimi kabisa.”

“Iko rangi gani?”

“Nyekundu.”

Papa Kasereka akafungua lango. Pikipiki ilikuwa pale mbele yetu, bluu kama sare ya shule.

“Bon,” tonton akasema huku akivua koti, “miye niliambiwa tu nikuje nikae kimya.”

Tulicheka mpaka tukasahau kukasirika. Dieudonné hakucheka. Alikaa chini akasema ukweli: pikipiki ni ya Mama Albertine, mdogo wa mama yake, mjane, mkulima wa mpunga huko Yahuma. Ndicho kitu pekee cha maana alichobaki nacho baada ya mumewe kufa, na alimkabidhi Dieudonné kwa sababu alimlea. Kijijini kwake simu haishiki. Hajui lolote.

“Na zimebaki siku tisa,” Papa Kasereka akasema. “Mama Zaina, kanuni ni kanuni.”

“Ndiyo,” nikamjibu. “Kwa hiyo nitakwenda kumleta.”

Mtauliza kwa nini hakwenda Dieudonné. Kamati ilimkataza kutoka mjini. Tena tuliogopa angerudi na koti lingine. Lakini sababu yangu ya kweli ni kwamba nilipoandika kifungu kile niliwafikiria wenye mali wa Makiso na Mangobo, hapahapa mjini, watu wa kuitwa asubuhi wakafika mchana. Sikumfikiria mjane wa Yahuma. Kama angepoteza pikipiki yake bila hata kuambiwa, kosa lingekuwa la mkono wangu.

Kisangani hadi Yangambi

Boti ilikuwa imejaa magunia ya chumvi, na mimi nilipewa gunia langu karibu na injini. Kuteremka mto ni rahisi kama injini ina afya. Yetu haikuwa nayo. Ilikohoa saa mbili, ikanyamaza, tukaanza kuelea na magugu ya maji huku fundi akiifunga kwa mpira wa baiskeli.

Katika kuelea watu wanazungumza. Nilipoeleza safari yangu, mzee mmoja mwuza sabuni alinishangaa.

“Mama, moto imekosa nini? Haina kichwa, haina roho. Funga mutu!”

“Papa, jirani yako ana panga. Kila siku anamwazima mlevi mmoja, na mlevi anakata watu. Ukimfunga mlevi?”

“Atamwazima mulevi mwingine.”

“Na ukichukua panga?”

Akafikiri. “Jirani atakuja kwangu mbio.”

“Ndiyo huyo ninayemtaka mimi.”

“Ah! Sasa ule jirani iko Yahuma?” Akapiga makofi, boti nzima ikacheka. “Mama, ulichukua panga ya mbali sana!”

Nilicheka nao, ingawa ndilo lililokuwa likinisumbua.

Mchana mama aliyekaa kando yangu alifungua sufuria akanikatia nyama. Niliona kidole. Ilikuwa nyama ya makako, nyani wa kukaushwa kwa moshi. Nikamshukuru, nikasema siwezi. Akanigusa paji la uso, akatangaza kwamba mama huyu ana homa, na mara nikaletewa majani ya kutafuna, chumvi na maombi ya watu wawili. Ilinichukua muda kueleza kwamba mimi ni Mwislamu tu, sina homa. “Ungesema toka mwanzo,” akanigombeza, kisha akanipa lituma yake yote, ile ndizi iliyopondwa bado ina joto, na samaki aliyepikwa ndani ya majani. Nilishiba kuliko ningeshiba nyumbani.

Tulifika Yangambi jua likizama. Siku ya kwanza imekwisha, na tulitarajia tuwe Isangi.

Isangi hadi Yahuma

Isangi niliingia kesho yake mchana. Nikamtafuta dereva wa pikipiki anayejua njia, nikaonyeshwa Bosco, mtu mwembamba, mwenye mzaha, anayeimbia injini yake ikipanda mlima.

Njia ile siwezi kuiita barabara mbele ya watu wazima. Ni mstari wa udongo unaopita msituni, na kila mto una daraja la magogo mawili au matatu. Penye daraja nilishuka nikavuka kwa miguu, na Bosco alinitania.

“Mama Mwalimu, kwenye kitabu yako, daraja ya miti miwili iko na alama gani?”

“Alama ya kushuka.”

“Na matope?”

“Alama ya kusukuma.”

“Kile kitabu iko nzuri,” akasema. “Inanipatia musaidizi bila kulipa.”

Tulilala kijiji kimoja njiani, na siku ya nne alasiri tukafika kwa Mama Albertine. Hapo nilifanya kosa ambalo mtu wa huko asingelifanya.

Kabla ya kuingia kijijini nilisimama mtoni, nikanawa, nikavaa kitenge safi na kitambaa cheupe kichwani, niingie kwa heshima. Nilikuwa nimechoka, kwa hiyo uso wangu haukuwa na tabasamu. Mama Albertine alikuwa uani anapeta mpunga. Nikamsalimu, nikasema natoka Kisangani, nimekuja kwa habari ya Dieudonné, naomba tukae.

Aliangusha ungo. Akashika kichwa kwa mikono miwili, na sauti aliyotoa iliwatoa majirani majumbani. Kabla sijafungua kinywa, wanawake kumi walikuwa uani wanalia, mmoja amelala chini kwenye mchele, na wanaume wanabeba viti vya matanga.

Nilipiga kelele, “Hajafa! Ni mzima! Ni pikipiki!”

Mzee mmoja akanijibu kwa huzuni, “Pikipiki ilimuua?”

“Pikipiki imefungwa! Dieudonné mzima, anakula, analala!”

Kilio kilikufa polepole, kama injini ya boti ile. Baadaye walinielewesha: hakuna mtu mzima anayesafiri siku nne, akanawa mtoni, akavaa kitambaa cheupe, kuleta habari isiyo ya kifo. Habari nyingine zote zinatumwa kwa mpita njia.

Mama Albertine aliinuka, akafuta uso. Kumbe ni mwanamke mfupi, wa miaka kama hamsini na tano, na kwa sababu aliishi Kisangani na mumewe miaka mingi, Kiswahili chake ni cha kwetu.

“Unanililisha mbele ya batu wote juu ya chuma?” akaniuliza.

“Si chuma peke yake, dada. Kuna mama mwenzetu amevunjika mguu.”

Akauliza jina la huyo mama, anauza nini, ana watoto wangapi. Nikamweleza yote: mbio, abiria wawili, kanuni, siku zilizobaki. Nikamwambia pia kwamba kanuni ile niliitaka mimi. Alinitazama sana.

“Donc kama haungekuja, ingeuzwa na miye niko hapa napeta mupunga.”

“Ndiyo.”

“Lakini umekuja.” Akaokota ungo wake. “Kesho nipange vitu yangu. Kesho kutwa tuende. Ule Charlotte anione uso.”

Majirani, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukusanyika, walipika. Tulikula matanga ya mtu mzima: wali mpya, pondu na mabuu ya msituni, na kila mtu alimwombea Dieudonné maisha marefu kwa kicheko.

Yahuma hadi Isangi

Sasa nasimulia sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Pikipiki ilikuwa moja tu, ya Bosco. Boti ya kupanda Kisangani ingeondoka Isangi siku ya saba mchana. Nikahesabu kwa vidole, nikaona tunaiwahi tukienda kwa nguvu. Basi tukapanda watatu: Bosco mbele, mimi katikati, Mama Albertine nyuma na kifurushi chake. Siku ya kwanza tulikwenda vizuri. Siku ya pili asubuhi mvua ilituchelewesha, nikaanza kumgonga Bosco begani.

“Ongeza kidogo, papa. Boti haitungoji.”

“Mama, hapa kuna mashimo.”

“Unayajua mashimo yako. Ongeza.”

Akaongeza. Akaacha kuimba. Tulipofika mteremko mmoja, mbuzi akaruka njiani, Bosco akakwepa, gurudumu likaingia pembeni kwenye nyasi. Pale palikuwa na mwanamke amebeba kuni. Alijirusha kando, kuni zikamwagika. Hakuguswa. Tulisimama hatua chache mbele yake.

Mama Albertine alishuka. Alikwenda kumwinua yule mwanamke, akakusanya naye kuni, akamtwisha. Kisha akarudi, akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo wa pikipiki. Akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili, akauchomeka kiunoni.

“Mama Zaina. Dieudonné alifungiwa moto juu ya nini?”

“Alikimbia.”

“Na?”

“Alibeba watu wawili.”

“Na siye tuko bangapi hapa?”

Bosco akajitia kukagua tairi. Nami, ambaye nimechora njia panda sakafuni miaka yote hiyo, nilisimama matopeni, nikahesabu abiria wawili.

“Dada, tukikosa boti, pikipiki yako itauzwa,” nikasema.

“Iuzwe. Siwezi kufika mbele ya mutu wa muguu iliyovunjika na nimevunja mwingine njiani.”

Alitoa sharti lake. Bosco atabeba mmoja kwa zamu, taratibu, mpaka kijiji kinachofuata, kisha atarudi kumchukua mwingine aliyekuwa akitembea. Ufunguo ataupata akikubali. Bosco alikubali upesi kuliko mimi. Ndivyo tulivyofika Isangi, nusu ya njia kwa pikipiki na nusu kwa miguu yangu hii mnayoiulizia. Bosco alianza kuimba tena. Boti ilikuwa imeondoka zamani, gati lilikuwa tupu, na mama mmoja anaosha masufuria mahali ilipokuwa imefungwa.

Yangambi hadi Kisangani

Sikukesha nikijilaumu, maana nilikuwa nimechoka mno. Asubuhi ya siku ya nane tukapata pirogi, mtumbwi mrefu, iliyokuwa inapanda Yangambi na vikapu vya samaki. Huko mkulima mmoja alitupeleka kwa dereva wa lori lililobeba mbegu za mihogo kuelekea mjini.

Dereva huyo anaendesha kama mtu anayebeba mayai ya jirani. Anasimama kila kilima kutazama kamba zake. Jioni ya siku ya tisa, siku ya mwisho, kipande cha chini ya gari kilikatika na tukalala kijijini, karibu kabisa na mji. Nilitaka kuzungumza. Kila nilipofungua kinywa nilitazama pindo la kitenge cha mwenzangu, ingawa sasa halikuwa na kitu, nikafumba mdomo.

“Umekasirika?” akaniuliza tukila mahindi ya kuchoma.

“Najikasirikia. Niliandika siku ishirini na moja bila kuuliza njia ina urefu gani.”

“Basi kesho uwaambie hivyo,” akasema, akanisogezea hindi jingine. “Kwenye kitabu yako hakuna alama ya kurudi nyuma?”

Uani

Tuliingia Kisangani asubuhi, siku ya ishirini na mbili. Uani watu walikwisha kukusanyika kwa mnada. Juu ya tangi la pikipiki ya bluu walikuwa wameandika namba kwa chaki. Dieudonné alikuwa amekaa chini ukutani. Alipomwona Mama Albertine aliinuka nusu, akashindwa kumalizia.

Papa Kasereka alinipokea kwa heshima, akanipa maji, kisha akasema alichopaswa kusema.

“Pole na safari, Mama Zaina. Lakini jana ndiyo ilikuwa mwisho.”

“Najua,” nikasema. “Siombi upendeleo kwa mtu mmoja. Nasema kanuni yangu ina tundu, na nimelipitia kwa miguu. Siku zilianza kuhesabiwa pikipiki ilipofungwa. Zilipaswa kuanza mwenye mali alipoambiwa. Asiyeambiwa hakukataa kuja.”

Wakaanza kubishana. Mmoja alisema tukifungua tundu moja kila mtu atapitia humo, kila dereva atasema mwenye moto yuko Yahuma. Hakuwa na kosa, nikamwambia hivyo. Ndipo sauti ikatoka nyuma.

“Niacheni nipite.”

Alikuwa Mama Charlotte, na fimbo yake. Watu wakamfungulia njia.

“Siku ishirini na mbili niko nangoja kuona uso ya mwenye hii moto,” akasema. “Mutu mwenyewe iko hapa, matope mpaka magotini. Mukiuza, yeye anarudi kwake, miye nabaki naongea na nani? Na chaki?”

Hakuna aliyecheka. Mama Albertine alimsogelea, akapiga magoti, akautazama mguu kwanza kisha uso.

“Niko Albertine. Moto ni ya miye. Ule mwanaume nilimulea miye. Pole, mama.”

“Umetoka mbali?”

“Mbali. Tungefika jana, lakini tulikataa kukimbia.”

Mama Charlotte akanitazama, nikaitikia kwa kichwa, na nikawaeleza wote juu ya ule mteremko na yule mwanamke wa kuni. Nilisema ni nani aliyekuwa akimgonga Bosco begani. Wanafunzi wangu wa Jumamosi walikuwapo. Nadhani lilikuwa somo langu bora mwaka huu, na nililifundisha nikiangalia chini.

Kamati ilipiga kura. Wanne dhidi ya mmoja: siku zihesabiwe tangu mwenye mali anapofikiwa, na kamati ndiyo imfikie, hata akiwa wapi. Papa Kasereka, aliyepinga, ndiye aliyeandika kifungu kipya kwa mkono wake, mwandiko mzuri, akatoa ufunguo sandukuni.

Dieudonné akanyoosha mkono. Mama Albertine akaupokea ufunguo yeye, akaufunga kwenye pindo, mafundo mawili.

“Mama mudogo...”

“Baiskeli yako ya toleka, ya kubebea batu, bado iko?”

“Iko, lakini...”

“Utabebea Mama Charlotte pondu na baiskeli, kila asubuhi, mpaka atembee bila fimbo. Moto inalala kwa Mama Zaina. Funguo inaenda na miye.”

Dieudonné alisukuma pikipiki ile kutoka uani mpaka kwangu, mchana kweupe, wenzake wakimpigia honi. “Papa, essence imekwisha kwenye tangi?” Mmoja akamwuliza kama anaipeleka kunywa maji. Dieudonné alijibu swali moja tu. “Funguo iko wapi?” mtu aliuliza, naye akasema, “Kwa mwenyewe.”

Mama Albertine alipumzika kwangu siku tatu, kisha akapanda boti. Pikipiki imekaa chini ya paa langu tangu wakati huo, mmeiona, namba ya chaki bado iko kwenye tangi. Sikuifuta.

Wiki nyingi zimepita, na juzi Mama Charlotte alipita hapa bila fimbo. Anachechemea, lakini anatembea, na alinyanyua mikono yote miwili nione. Dieudonné alikuwa nyuma yake na baiskeli imejaa pondu mpaka haonekani. Jioni akaja peke yake, akakaa kwenye ngazi, akazungukazunguka kwa maneno mpaka akafikia alilolijia.

“Mama Mwalimu, hakuna mutu anaenda Yahuma, aniletee funguo?”

Nikamweleza taratibu, kama ninavyoeleza njia panda. Boti ya Isangi, gunia la karibu na injini uliepuke. Bosco yuko pale gatini, mwambie namsalimu. Penye magogo mawili, shuka. Na ukikaribia kijijini, usinawe sana, usivae nguo nyeupe, na ingia ukicheka.

Ameondoka leo asubuhi.